Refa akikosea tumwambie nini? Filimbi, koo na mechi za Kismayu

Fikiria uko Kismayu, jua limeanza kupoa, na mechi ya mpira wa kikapu iko ukingoni. Zimebaki sekunde 20. Timu ya vijana waliorejea kutoka Dadaab iko nyuma kwa pointi moja dhidi ya timu ya mtaa. Mchezaji wao anakata upande wa kulia, anaruka kufunga, anagongana na mlinzi, na mpira unatoka nje. Refa hapulizi faulo. Anaonyesha kwamba mpira ni wa timu ya mtaa. Muda unaisha.

Kabla wachezaji hawajavua viatu, swali limeshabadilika. Watu hawaulizi tena kama ilikuwa faulo. Wanauliza refa ni wa ukoo gani. Jioni hiyo kipande cha video cha sekunde 10 kinazunguka WhatsApp na maneno makali juu yake, na kijana aliyeshika filimbi anaambiwa na mama yake asitoke nyumbani.

Mfano huu nimeutunga, lakini kama unaishi Kismayu, Dadaab, Kakuma au Kalobeyei, huenda hukuhitaji msaada kuupiga picha. Makala haya yanauliza jambo moja: refa akikosea, au tukidhani amekosea, tumpime vipi na tumwambie nini ili mechi ijayo iwe bora? Jibu kwa ufupi ni hili. Refa hapimwi kwa nani alishinda wala kwa nani alimzaa. Anapimwa kwa alichokiona, mahali aliposimama, na kama anapuliza kwa kipimo kilekile pande zote mbili. Maneno yanayomsaidia ni yale anayoweza kuyafanyia kazi siku ya pili.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko mchezo

Somalia si ngeni katika mpira wa kikapu. Mwaka 1981 Mogadishu iliandaa mashindano ya Afrika ya wanaume, na timu ya taifa ikamaliza nafasi ya tatu. Miaka kumi baadaye serikali ilianguka. Kismayu ilipita mikononi mwa makundi mengi, na kuanzia 2008 hadi 2012 ilikuwa chini ya Al-Shabaab. Refa hujifunza kwa kupuliza mechi nyingi mbele ya refa mkubwa anayemsahihisha. Mlolongo huo ukikatika, hauungwi kwa semina ya siku mbili.

Tangu Desemba 2014, zaidi ya Wasomali 80,000 wamerudi kutoka Kenya kwa mpango wa kurejea kwa hiari, na wengi wao walikwenda Kismayu. Kwa hiyo katika uwanja mmoja unaweza kukuta kijana aliyezaliwa Hagadera, mwenyeji wa mjini ambaye hakuwahi kuhama, na mtoto wa Kibajuni aliyetoka Chula au Koyama kuja mjini kutafuta shule na kazi. Upande wa Kenya nako mambo yanabadilika. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, vinalenga wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja badala ya kila upande kuwa na zake. Viwanja vya michezo ni sehemu ya maisha hayo ya pamoja.

Sasa angalia anachofanya refa. Mbele ya watu wote, anatoa uamuzi kati ya pande mbili ambazo mara nyingi hazijazoea kuaminiana, na uamuzi huo unatekelezwa papo hapo. Kwa vijana wengi, huyu ndiye mwenye mamlaka wa kwanza kumwona akiamua kati yao na jirani zao.

Wabajuni na jamii nyingine ndogo wanalijua jambo hili kwa uzito wake. Tangu mkutano wa Arta, Jibuti, mwaka 2000, siasa ya Somalia imeendeshwa kwa kanuni inayoitwa 4.5: koo nne kubwa hupata fungu moja moja, na jamii nyingine zote hugawana nusu fungu. Mtu aliyekulia katika nusu hiyo akisema "tunaonewa," hasemi kwa sababu ya mpira peke yake. Hatupaswi kumcheka wala kumnyamazisha. Lakini hatupaswi pia kumwacha refa kijana abebe dhambi za siasa ya nchi nzima kwa sababu ya mgongano mmoja chini ya kikapu.

Mashabiki huona nusu ya kazi

Kila wachezaji wawili wanapogusana, kuna majibu manne. Kulikuwa na faulo na refa akapuliza. Hakukuwa na faulo lakini akapuliza. Kulikuwa na faulo na hakupuliza. Hakukuwa na faulo, na hakupuliza.

Sisi mashabiki hukumbuka jibu la pili na la tatu, yaani makosa. Lile la kwanza tunaliona ni wajibu wake. La nne hatulioni kabisa, ingawa mara nyingi ndilo gumu zaidi: watu wamegongana, uwanja mzima umepiga kelele, na refa ameacha mchezo uendelee kwa sababu mlinzi alikuwa na haki ya kuwa pale alipo. Ukitaka kumpima refa kwa haki, hesabu yote manne. Refa aliyekosea mara tano katika migongano 70 si sawa na aliyekosea mara tano katika migongano 15.

Matokeo ya mechi hayasemi lolote kuhusu kazi hiyo. Uamuzi sahihi unaweza kuipa timu dhaifu ushindi, na uamuzi mbaya unaweza kupita bila mtu kuujali kwa sababu timu inaongoza kwa pointi 25. Ukisubiri tofauti ya pointi moja ndipo umkague refa, utakuwa unakagua uchungu wako.

Alikosea kwa sababu gani?

Hapa ndipo ukaguzi mwingi huharibika. Tunasema "amekosea" tukaishia hapo. Lakini makosa yana vyanzo tofauti, na kila chanzo kina dawa yake. Tuchukue vitatu vya kawaida.

Cha kwanza ni kutoona. Mechi nyingi za mitaani huwa na marefa wawili. Mmoja hukaa mbele, karibu na mstari wa mwisho upande wa kikapu kinachoshambuliwa, na mwingine hufuata nyuma ya mchezo. Refa anahitaji kuona nafasi iliyo kati ya mshambuliaji na mlinzi. Akisimama chini kabisa ya kikapu, au nyuma ya mgongo wa mchezaji, mkono wa mlinzi hauonekani hata awe na macho ya mwewe. Mara nyingi dawa ni hatua mbili tu kwenda pembeni, na macho kumtazama mlinzi badala ya kuufuata mpira. Mtu akimwita refa huyu mwizi, hakumwambia lolote la kumsaidia.

Cha pili ni kutojua kanuni, au kuijua nusu. Kila mchezaji ana haki ya nafasi aliyosimama uwanjani na ya hewa iliyo juu yake. Mlinzi akiruka wima, mikono juu, bila kuinama mbele, mshambuliaji akimgonga kifuani si kosa la mlinzi. Marefa wengi wapya hupuliza kwa sababu tu miili imegongana. Mfano mwingine unawahusu dada zetu. Shirikisho la mpira wa kikapu duniani, FIBA, lilibadilisha kanuni ya mavazi, na tangu Oktoba 2017 kitambaa cha kichwa kinaruhusiwa, mradi hakifuniki uso na si hatari kwa mtu. Refa anayemtoa msichana uwanjani kwa sababu ya hijabu anatumia kanuni iliyokwisha kufutwa. Huyu anahitaji kitabu kipya cha kanuni na mtu wa kukisoma naye.

Cha tatu ni kuyumba. Refa aliona, kanuni anaijua, ila filimbi ilimkwama mdomoni kwa hofu. Kuhusu hili kuna ushahidi. Watafiti wa Uingereza waliwaonyesha marefa 40 wa soka video ya mechi moja, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2002. Baadhi yao waliitazama kwa sauti ya mashabiki, wengine kimya. Waliosikia kelele waliipulizia timu ya nyumbani faulo chache zaidi, kwa takriban asilimia 15. Hawakuhongwa, wala hawakuwa na ukoo na yeyote katika video hiyo. Kelele tu ilitosha. Refa wa namna hii hahitaji somo la kanuni. Anahitaji ulinzi: mashabiki wasikae kwenye mstari, mwandalizi awe karibu, na ajue kwamba kuna watu watakaosimama naye mechi ikiisha.

Kwa hiyo kabla ya kumhukumu, muulize: "Uliona nini pale?" Jibu lake litakuambia uko kwenye chanzo kipi.

Na kama kweli anapendelea?

Upo uwezekano huo, na kuuficha hakusaidii. Hata ligi tajiri kuliko zote za mpira wa kikapu imeukabili. Mwaka 2007 wachumi wawili, Joseph Price na Justin Wolfers, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa misimu mingi ya NBA. Waligundua kwamba wachezaji walipuliziwa faulo nyingi kidogo zaidi pale marefa walipokuwa wa rangi tofauti na wao. Tofauti ilikuwa ndogo, na NBA yenyewe iliyapinga matokeo hayo. Lakini kilichofuata ndicho chenye funzo kwetu. Watafiti walirudi kutazama miaka iliyofuata, baada ya habari hiyo kuenea magazetini, na wakakuta upendeleo ule haupo tena. Haikuwa kwa sababu marefa walifukuzwa. Walijua tu kwamba jambo hilo limeonekana na linahesabiwa.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, upendeleo unaweza kuwepo ndani ya mtu mwaminifu ambaye haujui. La pili, unaonekana kwa hesabu ya mechi nyingi, na hauonekani katika video ya sekunde 10. Timu moja kupata faulo 19 na nyingine 11 katika mechi moja hakuthibitishi kitu. Labda timu ya kwanza ilikaba kwa nguvu uwanja mzima. Lakini kama refa yuleyule, katika mechi 10 au 15, na timu tofauti, bado anaonyesha mwelekeo uleule, hapo pana jambo la kuzungumza naye kwa utulivu.

Hesabu hii haihitaji kompyuta. Karatasi ya alama tayari huandika faulo za kila mchezaji. Kinachokosekana ni mtu wa kuzihifadhi karatasi hizo katika faili moja, pamoja na majina ya marefa wa siku hiyo, na kuzipitia kila baada ya miezi mitatu. Kama faili hilo lipo, mchezaji wa Kibajuni anayesema "tunaonewa" ana mahali pa kupeleka neno lake likapimwa. Na refa anayesingiziwa ana kitu cha kumtetea.

Namna ya kumwambia

Sehemu ya kazi yangu ni kusoma maoni ambayo watu huyatia katika masanduku ya maoni ya mashirika. Karatasi moja husema: "Wafanyakazi wenu hawana heshima." Nyingine husema: "Jumanne asubuhi mlango wa pili ulifungwa kabla ya saa sita, na wazee waliokuwa kwenye foleni hawakuambiwa warudi lini." Ya kwanza inaweza kuwa kweli tupu, na imeandikwa kwa uchungu wa haki. Lakini ni ya pili inayoweza kupelekwa kwa mtu fulani, siku hiyohiyo, na mlango ukafunguliwa. Nimeona pia maoni mazuri yakikaa mezani bila jibu, na watu wakaacha kuandika. Yote mawili yanamhusu refa: maoni yawe mahususi, na aliyeyatoa ajibiwe.

Ukiwa ndiye uliyepewa kazi ya kumkagua refa, fanya hivi:

1. Andika wakati mechi inaendelea, usitegemee kumbukumbu. Robo ya ngapi, dakika gani, nini kilitokea, refa alisimama wapi.

2. Usizungumze naye dakika ile mechi imeisha. Wote mna joto. Kesho yake inatosha, na iwe faragha.

3. Anza kwa kumwacha aseme mwenyewe. Refa wengi wanajua kosa lao kabla hujafungua mdomo.

4. Mwambie jambo moja alilofanya vizuri, kwa undani uleule wa kosa. "Ulifanya vizuri" ni maneno ya hewa. "Katika robo ya pili ulimwacha mlinzi aliyeruka wima, ingawa kocha alipiga kelele" ni somo.

5. Mpe mambo mawili ya kurekebisha, yasizidi. Mtu akibebeshwa makosa 14 hurudi nyumbani na aibu tu.

6. Mechi ijayo nenda ukatazame mambo hayo mawili, kisha umwambie ulichokiona. Bila hatua hii, tano zilizotangulia ni mazungumzo ya kupita.

Kuhusu nani akague: asiwe kocha wa timu mojawapo, wala mdhamini. Wawili ni bora kuliko mmoja, na wasitoke upande mmoja wa mji au wa kambi. Mchezaji wa zamani anafaa, mwalimu wa michezo anafaa, na pale wasichana wanapocheza awepo mwanamke. Waliosomea uamuzi wakikosekana, mtu makini mwenye daftari bado ni msaada mkubwa.

NBA, tangu 2015, huchapisha ripoti ya dakika mbili za mwisho za mechi zilizokaribiana, ikisema uamuzi upi ulikuwa sahihi na upi haukuwa. Matokeo ya mechi hayabadilishwi. Ni jambo la uwazi, lakini mimi sishauri tuige kila kitu. Refa wa NBA ana mshahara, walinzi na chama cha kumtetea. Kijana wa kujitolea Kismayu anarudi nyumbani kwa miguu. Kwetu sisi, ripoti ya refa mmoja mmoja ibaki ndani. Kinachoweza kutangazwa ni cha jumla, kwa mfano: "Mwezi huu tumeona makosa mengi ya kuhesabu hatua, na marefa wote watafanya mazoezi Ijumaa."

Wewe unaweza kufanya nini?

Kama wewe ni nahodha au kocha, zijue njia halali. Kwa kanuni za FIBA, nahodha anaweza kuwasilisha pingamizi kwa kumjulisha refa mkuu ndani ya dakika 15 baada ya mechi na kutia saini kwenye karatasi ya alama. Lakini pingamizi ni kwa mambo kama makosa ya alama au saa ambayo hayakurekebishwa, au mchezaji asiyestahili kucheza. Kama refa aliona faulo au hakuiona si jambo la pingamizi. Hilo lipeleke kwa mkaguzi, kwa maandishi, bila matusi.

Kama wewe ni shabiki, fikiri kabla ya kusambaza video. Jiulize: inaonyesha refa alisimama wapi? Inaanza kabla ya mgongano au katikati yake? Maneno yaliyoandikwa juu yake yanataja mchezo au yanataja ukoo? Kama yanataja ukoo, isimamie kwako. Katika mji ambao watu wengi bado wana silaha na kumbukumbu, hilo si jambo dogo. Na tukumbuke msemo wa mabaharia wetu: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Uwanja wenye marefa 400 hauna refa.

Kama wewe ndiye mwandalizi, weka faili la karatasi za alama, wapange marefa wawili wasiotoka upande mmoja, na usimwache refa aondoke peke yake baada ya mechi kali. Wafundishe pia vijana wa jamii ndogo kushika filimbi. Usawa wa uwanjani hauishii kwa wanaocheza. Unahusu pia anayeruhusiwa kuamua.

Na kama wewe ndiye refa, kukubali kosa mbele ya mkaguzi wako hakukuvunjii heshima. Mtu aliyesema "sikuona, nilisimama vibaya" anaaminiwa zaidi mara ya pili anaposema "niliona, haikuwa faulo."

Turudi kwenye zile sekunde 20. Tuseme mkaguzi alikuwepo na daftari lake. Kesho yake anamwambia kijana: "Mchezaji alipokata kulia ulikuwa chini ya kikapu, nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa pembeni, nikauona mkono wa mlinzi ukimgusa kiwiko. Ungekuwa hatua mbili kushoto kwako ungeuona. Mechi ijayo nitaangalia hilo tu." Timu ya waliorejea haitarudishiwa pointi zake. Lakini nahodha wake anaweza kuambiwa ukweli: uamuzi ulikosewa, sababu inajulikana, na inarekebishwa. Wengi wetu tumeishi miaka mingi bila mwenye mamlaka yeyote kutuambia hivyo.